Radi ikipiga mlimani, nani apande?

Tarehe 4 Julai 2021 radi ilipiga kigongo cha mawe katika hifadhi ya Mokelumne, mashariki mwa California nchini Marekani, na moto ukashika. Watu wa Idara ya Misitu walipoutathmini walikuta umekula robo ekari tu, sawa na viwanja viwili vya nyumba vya Dar es Salaam. Pembeni yake kulikuwa na majabali, kiziwa kidogo na miti ya kuhesabika. Kuwapandisha wazimamoto pale kulikuwa na hatari zake. Wakaamua kutompeleka mtu: moto utazamwe kwa mbali, ujifie wenyewe.

Haukujifia. Tarehe 16 upepo uliubeba ukateremka nao mabondeni, na wakazi wa mji mdogo wa Markleeville wakafungasha walichoweza wakaondoka. Waendesha baiskeli waliokuwa wamefika kwa mashindano ya kesho yake wakajikuta nao ni wakimbizi. Hadi unadhibitiwa, moto huo uliopewa jina la Tamarack ulikuwa umevuka mpaka ukaingia Nevada na kuteketeza zaidi ya ekari 68,000. Matusi waliyoyapata wale maofisa sina haja ya kuyasimulia. Mwezi wa nane ulipoanza tu, mkuu wa Idara ya Misitu, Randy Moore, alitoa waraka: kwa msimu ule hakuna tena moto wa kuachwa uwake kwa faida ya msitu.

Nitawatetea maofisa wale, ingawa si kwa kila kitu. Matokeo yaliwaumbua, lakini swali walilojiuliza siku ile ya kwanza lilikuwa la haki: huko juu kuna kitu gani chenye thamani ya roho ya mtu? Vikosi vingi vya zimamoto vilivyozika watu wao vilizika kwa sababu swali hilo halikuulizwa, au liliulizwa watu wakiwa tayari wako mlimani.

Msomaji wa huku kwetu huenda akashangaa kusikia radi ikichoma misitu kwa ekari maelfu. Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akifunika vioo kwa kanga mara ngurumo ya kwanza inaposikika, na ole wako ukutwe chini ya mwembe. Radi ilikuwa tishio la mtu, ng'ombe na mnazi. Haikuwa tishio la msitu, kwa sababu haikuja peke yake: nyuma yake ilikuja mvua ya kujaza mapipa, na kama mti uliwaka, mvua iliuzima kabla jirani hajaamka. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani, na misitu yake bado ni ya kijani.

Magharibi mwa Marekani mambo ni tofauti. Kiangazi, wingu la radi huweza kujengeka juu ya hewa kavu kiasi kwamba mvua inakauka njiani. Ukiwa mbali unaliona pazia la kijivu likining'inia chini ya wingu, limeishia hewani, halikugusa ardhi. Umeme wenyewe unagusa. Huko wanaiita radi kavu. Katikati ya Agosti 2020 radi za namna hiyo zilipiga California zaidi ya mara 10,000 katika siku chache, zikawasha mamia ya mioto kwa mkupuo. Mioto 38 kati ya hiyo, kaskazini mwa jimbo, ilikuja kuungana ikawa moto mmoja uliokula ekari zaidi ya milioni moja. Ukitaka kuupima, chukua kisiwa cha Unguja, kisha ongeza kingine kama hicho, na bado utakuwa hujafika.

Halafu moto wa radi una tabia ya kujificha. Radi hupasua mti toka kilele hadi mizizi, cheche zikaingia ndani ya gogo au chini ya tabaka la majani yaliyooza nusu, zikakaa humo. Hakuna moshi wa kuonekana. Siku tatu zinapita, wakati mwingine wiki na zaidi, mpaka siku moja jua linakuwa kali, upepo unavuma, na moto unaamka. Watu wa pwani wanaijua tabia hiyo. Ndiyo ya moto wa makumbi. Kwa hiyo mkuu wa kikosi anapohesabu mioto yake asubuhi, anajua kwamba idadi aliyonayo si kamili. Mingine bado haijajitokeza, na watu wake hawatoshi hata kwa hii iliyojitokeza.

Zamani hawakupewa nafasi ya kuchagua. Mwaka 1935 Idara ya Misitu iliweka kanuni kwamba kila moto udhibitiwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata ile uliporipotiwa. Kila moto, popote ulipo, hata ukiwa bondeni ambako hakuna kibanda wala ng'ombe. Ili kutimiza hilo, kuanzia 1940 walianza kutumia wazimamoto wa miavuli, vijana wa kurushwa kwa ndege karibu na moto ungali mchanga. Kanuni ilikuwa nyepesi kuieleza bungeni. Mlimani iliuzwa kwa bei nyingine.

Tarehe 5 Agosti 1949, saa kumi jioni hivi, vijana 15 walishuka kwa miavuli kwenye korongo la Mann Gulch, Montana, karibu na mto Missouri. Radi ilikuwa imewasha moto wa ekari kama 60 juu ya kigongo cha upande wa kusini. Redio yao ilianguka kwa mwavuli uliokataa kufunguka, ikasagika. Mlinzi wa msitu aliyekuwa ameanza kupambana na moto huo peke yake akajiunga nao, wakawa 16. Kiongozi wao, Wagner Dodge, aliwapeleka upande wa pili wa korongo, wateremke kuelekea mtoni. Ukiwa na mto mgongoni, moto haukupati. Huko chini, mahali wasipopaona, cheche zilikuwa zimeshavuka korongo na kuwasha nyasi za upande wao. Dodge alipouona moto huo ulikuwa umesimama kati yao na mto, na unapanda.

Moto haupandi mlima kama mtu. Mtu akipanda anachoka. Moto ukipanda unapata nguvu, kwa sababu joto lake linatangulia kukausha nyasi za mbele. Dodge aliwageuza vijana, wakaanza kukwea. Akawaamuru watupe zana. Kisha, moto ukiwa nyuma yao kwa muda usiofika dakika moja, alisimama, akatoa kiberiti mfukoni, akawasha nyasi za mbele yake. Zilipoungua aliingia kwenye jivu lile la moto, akawaita wenzake wamfuate, akalala kifudifudi.

Hakuna aliyemfuata. Walimwona mtu anawasha moto mwingine mbele ya moto, wakampita mbio kuelekea kileleni. Wawili, mmoja wao kijana wa miaka 17, walipenya kwenye ufa wa mwamba wa juu wakapona. Wengine 13 hawakupona. Mishale ya saa ya mkononi ya mmoja wao iliganda ikionyesha saa kumi na mbili kasoro dakika nne. Dodge aliinuka katika jivu, akajipangusa, hana jeraha.

Dawa ya moto ni moto. Msemo huo kwetu anaujua hata mtoto, na mkulima aliyewahi kuzidiwa na moto shambani anajua maana yake halisi. Vijana wa Mann Gulch walifundishwa kuruka, kuchimba na kukata. Hilo la Dodge hawakuwa wamelisikia, na dakika ile haikuwa ya kufundishana. Hata hivyo ninachokirudia kila ninapoisoma habari hii ni jambo lililotangulia kiberiti. Pale korongoni palikuwa na nini? Nyasi na misonobari. Walipelekwa na ile kanuni ya saa nne asubuhi.

Mtu atasema basi dawa ni kuacha tu. Julai 1994, karibu na mji wa Glenwood Springs huko Colorado, radi iliwasha moto mdogo kwenye mlima wa Storm King. Ilikuwa tarehe 2. Mioto ilikuwa mingi wiki ile, huu ukawekwa mwisho wa foleni. Kikosi cha kwanza kilipanda tarehe 5. Tarehe 6 waliongezwa wengine, wakawa wanachimba kinga ya moto kuteremka mlima, kupitia vichaka vya mialoni vilivyowazuia kuuona moto uliokuwa chini yao. Alasiri ukaja upepo wa baridi ambao watabiri wa hali ya hewa walikuwa wameutabiri. Walikufa 14. Moto uliachwa hadi ukawa mkubwa, kisha ukashambuliwa kana kwamba bado ni mdogo. Kwangu mimi hilo ndilo kosa baya kuliko yote mawili: huko si kuacha wala si kupigana.

Kufikia hapo tayari palikuwa na mtu aliyejaribu kuufupisha usalama ukatosha kichwani mwa mtu mwenye hofu. Paul Gleason alikuwa kiongozi wa kikosi kilichokuwepo Juni 1990 kwenye moto wa Dude, Arizona, nao wa radi, uliowaua wafungwa watano waliokuwa wakifanya kazi ya zimamoto pamoja na askari magereza wao mmoja. Idara ilikuwa na amri kumi za wazimamoto tangu 1957, na juu yake orodha ya dalili 18 za hatari. Nani atakumbuka mambo 28 macho yakiwa yanatoka machozi? Mwaka 1991 Gleason aliandika manne. Awepo mlinzi anayeuona moto na kuwaona wenzake. Yawepo mawasiliano. Iwepo njia ya kukimbilia, na ni bora ziwe mbili. Iwepo sehemu salama huko njia inakoishia. Kimoja kikikosekana, kazi haianzi. Kikipotea kazi ikiendelea, watu wanatoka. Mann Gulch redio ilivunjika kabla kazi haijaanza.

Cha nne ndicho kinachodharauliwa. Sehemu salama maana yake ni mahali unapoweza kusimama moto upite bila kujifunika chochote: jivu lililokwisha kuungua, mwamba mpana, uwanja uliofyekwa. Kila mzimamoto wa kule hubeba kiunoni hema dogo la kung'aa, la kujifunika akilala chini moto umpite. Hema hilo limeokoa wengi. Lakini linaakisi joto la mbali, halistahimili kulambwa na ndimi za moto kwa muda, na kikosi kinachopanga kazi kwa kulitegemea kimeshakosea hesabu.

Leo moto wa radi ukionekana, ukawa mdogo na njia ya kuufikia ni nzuri, mara nyingi hupelekwa watu wachache tu. Kabla hawajagusa kitu wanaangalia juu. Mti uliopigwa radi unaweza kuwa umepasuka ndani, na tawi lililokatika nusu likawa linangoja mtikisiko mdogo. Miti na matawi yameua wazimamoto ambao moto haukuwakaribia. Mwenye chensoo anauzunguka mti, anasoma umeegemea wapi, anauangusha. Wengine wanakwangua ardhi kuuzunguka kwa zana yao maarufu, upande mmoja shoka na upande wa pili tezo, hadi udongo mtupu uonekane. Wanamwaga maji kama yapo. Kisha inakuja kazi niipendayo kuliko zote: wanavua glavu, wanapiga magoti na kupapasa jivu shubiri kwa shubiri kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyopima homa ya mtoto. Penye uvuguvugu wanachimbua tena. Wingu likirudi na ngurumo, wanashuka kigongoni, wanaweka chini vyuma, wanaachana nafasi, wala hawarudi kazini mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Moto ukiwa mahali pabaya, mkuu wa kikosi anachukua ramani na kurudi nyuma. Anatafuta barabara, mto, kigongo kipana au kovu la moto wa miaka iliyopita, hata kama ni kilomita kumi kutoka kwenye moto wenyewe, na kusema: tutaungojea hapa. Wanapanua ile barabara, wanafyeka, na saa na upepo vikikubali wanawasha wenyewe kutokea pale ili moto mkubwa ukifika ukute chakula kimeliwa. Siku hizi hata kuwasha kwenyewe kunafanywa kwa helikopta au droni, zinazodondosha vipira vidogo mfano wa mpira wa tenisi ya mezani vyenye pamanganeti ndani. Kila kipira hudungwa kemikali ya pili kabla ya kuachiwa, kikawaka kikiwa chini. Hapo mtu hajaingia bondeni hata mmoja. Nyumba zilizo ndani ya eneo linaloachwa huviringishwa karatasi za aluminiamu na kufungiwa pampu za kunyunyiza maji, na watu wanaondoka.

Kuna faida nyingine inayochukua miaka kuonekana. Katika bonde la Illilouette, ndani ya hifadhi ya Yosemite, mioto ya radi imeachiwa nafasi tangu 1972. Moto mpya ukiwaka mara nyingi hutembea mpaka ukutane na kovu la mtangulizi wake, ukakosa cha kula, ukasimama. Msitu umebaki wa viraka: miti mikubwa hapa, uwanda wa majani pale, kichaka kule. Misitu ambayo kila cheche ilizimwa kwa miaka themanini imejaza kuni, na kuni hizo ndizo zinazowasubiri wazimamoto wa leo.

Utetezi wangu unaishia hapa, kwa sababu bili ya kusubiri ipo na lazima ilipwe na mtu. Tarehe 4 Julai 2025, miaka minne kamili baada ya Tamarack, radi iliwasha moto kwenye ukingo wa kaskazini wa Grand Canyon, Arizona. Ukapewa jina la Dragon Bravo. Mkakati ulikuwa kuuzungushia mipaka na kuuacha uwake ndani yake. Wiki moja baadaye upepo mkali ukauvusha, na usiku wa tarehe 12 hoteli ya kihistoria ya Grand Canyon Lodge, iliyojengwa kwa mawe na magogo na kutazama bonde tangu ilipojengwa upya mwaka 1937, ikateketea pamoja na majengo mengine kadhaa. Mtambo wa kusafishia maji uliungua na kuvujisha gesi ya klorini, wazimamoto wakaondolewa. Moto uliendelea hadi Septemba na kupita ekari 145,000.

Hakuna aliyekufa. Gavana wa Arizona alidai uchunguzi, na alikuwa na haki kudai. Tofauti ya uamuzi mzuri na mbaya hapa haiko kwenye neno kuacha. Mwenye kuacha moto anapaswa kuwa ameshaandika, siku ya kwanza, upepo wa kiasi gani utambadilisha mawazo, nani atazilinda nyumba zilizo karibu na kwa vifaa gani, na vifaa hivyo viwe vimefika. Kuuacha huku ukitumaini hali ya hewa itakuwa njema ni kucheza pata potea na mali ya watu.

Kwetu radi si mshitakiwa mkuu. Mioto ya miombo huwashwa na mkono wa mtu: mrina asali, mchoma mkaa, mfugaji anayetaka majani mabichi, mkulima aliyezidiwa. Moto wa Oktoba 2020 kule Kilimanjaro, uliounguza zaidi ya kilomita za mraba 90, ulielezwa kuanzia eneo la Whona, ambako wageni hupumzika na wapagazi huwasha moto wa chakula. Lakini watu mamia waliopanda kuuzima, wengi wakiwa na mapanga na matawi ya kupigia moto, walikuwa wanaingia katika hesabu ileile: mteremko, upepo, nyasi kavu, na moshi unaomficha mwenzako aliye hatua ishirini. Mambo manne ya Gleason hayahitaji helikopta. Mlinzi anaweza kuwa kijana mwenye simu na filimbi juu ya jiwe, mradi awekwe pale kabla wengine hawajaanza kupiga moto.

Arizona hiyohiyo, tarehe 28 Juni 2013, radi iliwasha moto mdogo juu ya mji wa Yarnell. Siku mbili baadaye kikosi cha Granite Mountain Hotshots, watu 19, kilikuwa kileleni kwenye jivu, mahali salama, huku mwenzao wa ishirini akiwa ameondoka kwenye kituo chake cha ulinzi baada ya moto kukikaribia. Jioni waliteremka kupitia bonde la vichaka vilivyowazidi urefu, wakielekea kwenye ranchi moja iliyokuwa imetajwa kuwa sehemu salama. Upepo wa wingu la radi ukaugeuza moto ukawatangulia kwenye mdomo wa bonde. Walijifunika mahema yao, na wote 19 wakafa.

Tangu 2016 mahali hapo ni bustani ya kumbukumbu ya jimbo. Njia ya miguu inapanda mlima, ina vibao 19 vya majina na picha zao, kisha inateremka hadi bondeni palipozungushiwa uzio. Ranchi iko mita 550 hivi kutoka hapo. Wenye ranchi walikuwa wamefyeka vichaka kuizunguka pande zote kabla ya msimu, na siku ile moto uliigawanyikia, ukapita kushoto na kulia. Nyumba haikuungua, wala wanyama wao.